Dola tano mlangoni: jibu kwa dada wa Portland, Maine

Dada mmoja anayeishi Portland, jimbo la Maine, Marekani, ameniandikia. Amekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Mwaka jana ameapishwa kuwa raia, na Novemba atapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Anasema:

"Mwanzoni mwa Aprili msichana mmoja alibisha hodi, viatu vimejaa tope la theluji. Akasema anagombea Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa chama kidogo, si Democratic wala Republican, na mwenzake wa chama hicho hicho anagombea Bunge la taifa, Washington. Aliniomba nitie sahihi karatasi mbili, yake na ya mwenzake. Halafu akaniomba dola 5. Nilishtuka, kwa sababu kwetu mgombea ndiye anayetoa. Nikamwambia arudi siku nyingine. Shemeji yangu anasema nikimpa kura mtu wa chama kama hicho nimeitupa ziwani. Ni kweli? Na mama yangu amempenda sana yule msichana. Mama ana kadi ya kijani tu, bado si raia. Anaweza kutia sahihi naye?"

Dada yangu, hongera kwa uraia. Shemeji yako ana ukweli nusu, ila nusu hiyo haiko pale anapodhani ipo. Nitafika huko. Nianze na zile dola 5, maana ndizo zilizokutia shaka.

Shaka yako ina mzizi. Aliyeona kampeni za kwetu anajua fulana, khanga, chumvi na sabuni vinavyotoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura, na anajua vilevile kwamba mgombea hudai malipo yake baadaye. Maine wamejaribu kuukata mnyororo huo. Mwaka 1996 wananchi walipiga kura ya maoni wakapitisha sheria ya uchaguzi safi, na ikaanza kutumika katika uchaguzi wa 2000. Mgombea wa bunge la jimbo anayeichagua njia hiyo hupewa na jimbo fedha za kampeni, na kuanzia hapo haruhusiwi kukusanya michango ya matajiri na makampuni. Kabla ya kupewa, lazima aonyeshe kwamba watu wa eneo lake wanamtaka. Ushahidi wenyewe ni hizo dola 5: anayewania Baraza la Wawakilishi la jimbo anahitaji wapiga kura wasiopungua 60 waliotoa kila mmoja dola 5, na anayewania Seneti ya jimbo anahitaji 175.

Fedha hiyo haiingii mfukoni mwake. Hundi inaandikwa kwa jina la mfuko wa jimbo, Maine Clean Election Fund, nawe unatia sahihi fomu inayosema umetoa fedha yako mwenyewe. Hilo la "yako mwenyewe" lisikupite. Msichana hawezi kukupa dola 5 ili umrudishie, wala wewe huwezi kumlipia shemeji. Ukiambiwa "andika tu, nitakulipia", funga mlango.

Njia hii ni ya viti vya jimbo tu. Mgombea wa Washington haimhusu. Yeye anatafuta michango yake kwa sheria za taifa. Kwa hiyo msichana akirudi, muulize: dola 5 hizi ni zako au za mwenzako? Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi anayoiomba.

Sasa zile karatasi mbili. Hapa nieleze neno moja, kwa kuwa wengi wetu linatuchanganya. Tanzania "jimbo" ni eneo la mbunge mmoja. Huku nalitumia kwa Maine nzima, na sehemu ya mbunge mmoja naiita eneo. Chama chao bila shaka hakijatambuliwa rasmi na jimbo, ndiyo maana anatembea na karatasi hizo mwezi wa Aprili: wagombea wa namna hiyo hupita njia ya wasio na chama, na jina la chama chao huandikwa kando ya jina lao kwa maneno yasiyozidi matatu. Njia hiyo ina bei yake. Kwa Baraza la Wawakilishi la jimbo anatakiwa kuleta sahihi 50 za wapiga kura wa eneo lake. Kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi huko Washington zinatakiwa 2,000. Kutia sahihi si kuahidi kura. Unasema tu kwamba jina hili linastahili kuwekwa mbele ya watu. Mimi binafsi natia sahihi hata kwa wagombea ambao najua sitawachagua, kwa sababu naamini uamuzi ni wa wananchi siku ya kura, usifanywe na uhaba wa karatasi miezi kadhaa kabla.

Na usidhani kote Marekani ni hivyo. Georgia ina sheria tangu 1943 inayomtaka mgombea wa chama kidogo kwa Baraza la Wawakilishi la taifa alete sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura wa eneo lake, maelfu kwa maelfu. Hakuna mgombea wa chama cha tatu aliyewahi kuitimiza kwa kiti hicho. Mwaka 2021 jaji wa shirikisho aliona sheria hiyo inavunja katiba. Januari 2022 mahakama ya rufaa ikaugeuza uamuzi wake. Ungekuwa unaishi Atlanta, huenda usingekuwa na swali la kuniuliza, kwani mgombea huyo asingekuwemo kwenye karatasi.

Tuje kwa shemeji na kura iliyotupwa ziwani.

Novemba utapewa kura ya wagombea wa Washington na kura ya wagombea wa jimbo siku moja, katika chumba kimoja, kwa kalamu moja. Lakini hazihesabiwi kwa kanuni moja. Katika darasa la uraia ninaloliendesha Lewiston, hili ndilo jambo ninalolirudia mpaka chaki inaisha, na bado kila uchaguzi nakutana na mtu aliyetoka kituoni bila kulijua.

Kwa viti vya taifa, Maine hutumia kura ya kupanga. Wakiwa wagombea watatu au zaidi, unaandika nani wa kwanza kwako, nani wa pili, nani wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wa mwisho anatolewa, na waliompa nafasi ya kwanza kura zao zinahamia kwa chaguo lao la pili. Hesabu inaendelea hivyo hadi mmoja anavuka nusu ya kura zilizobaki.

Maine walifikia hapo baada ya kuumia. Mwaka 2010 Paul LePage wa Republican alipata ugavana kwa kura zisizofika asilimia 38. Eliot Cutler, mgombea binafsi, alipata karibu 36, na Libby Mitchell wa Democratic karibu 19. Zaidi ya watu sita katika kila kumi hawakumtaka LePage, naye ndiye aliyeapishwa. Mwaka 2016 wananchi wakapitisha kura ya kupanga kwa kura ya maoni. Novemba 2018 ikajaribiwa kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa Bunge la taifa, eneo la pili la Maine, lile la kaskazini. Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza kwa asilimia 46.3, Jared Golden wa Democratic akiwa na 45.6. Wagombea binafsi wawili, Tiffany Bond na Will Hoar, waligawana zile asilimia 8 zilizobaki. Karatasi zikapelekwa Augusta, makao makuu ya jimbo, Bond na Hoar wakatolewa, kura zao zikahamia kwa chaguo la pili, na siku tisa baada ya uchaguzi Golden akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura kama 3,500. Poliquin alikwenda mahakamani. Desemba jaji wa shirikisho akamkatalia.

Itazame kesi hiyo kwa macho ya mtu aliyempa Bond nafasi ya kwanza na Golden ya pili. Je, kura yake ilitupwa? Ndiyo iliyompeleka Golden Washington. Kwa hiyo kwa yule mgombea wa taifa, maneno ya shemeji hayashiki. Mweke wa kwanza ukipenda, halafu usiache nafasi ya pili tupu. Kuna watu wanaoiacha kwa hasira, wanasema vyama vikubwa vyote ni vilevile. Hiyo ni haki yao, lakini mgombea wao akitolewa, karatasi yao inawekwa kando na wengine wanamaliza uchaguzi bila wao. Eneo lile lile mwaka 2018 karatasi zaidi ya 8,000 zilifika mwisho bila jina la Golden wala la Poliquin. Linganisha na zile 3,500.

Mwaka 2020 Lisa Savage, mwanaharakati wa chama cha Kijani aliyeandikwa kwenye karatasi kama mgombea binafsi, aliwania Seneti ya taifa dhidi ya Susan Collins. Aliwaambia watu wake waziwazi: nipeni ya kwanza, mpeni Sara Gideon wa Democratic ya pili. Alipata karibu asilimia 5. Collins alivuka nusu kwenye hesabu ya kwanza, basi ngazi ya pili haikuhitajika. Namheshimu mgombea anayesema hadharani nani wa pili wake. Asiyetaka kusema anakuachia wewe ukisie.

Kwa kiti cha jimbo mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine walitoa maoni kwamba katiba ya jimbo inampa ushindi mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hajafika nusu, kwa gavana na kwa wabunge wa jimbo. Ndiyo maana uchaguzi mkuu wa viti hivyo mwaka 2018, 2020, 2022 na 2024 ulibaki wa alama moja kwa mgombea mmoja. Hakuna wa pili, hakuna kuhama. Hapa shemeji ana hoja. Kama eneo lenu lina mashindano makali kati ya Democratic na Republican, mgombea wa tatu anaweza kumpunguzia kura yule unayemkubali kidogo na kumpa ushindi usiyemtaka kabisa.

Tena kuna kinaya kinachoniuma kila nikikifikiria. Pale kura inapolindwa, yaani kwa viti vya Washington, mgombea wa chama kidogo karibu hana njia ya kushinda. Pale isipolindwa ndipo anapoweza kushinda kweli.

Hesabu yenyewe ni ya mguu. Baraza la Wawakilishi la Maine lina viti 151, na kila eneo lina watu kama 9,000, nyumba zisizozidi elfu nne hivi. Msichana akibisha milango 40 kila siku, katika siku mia moja amemaliza eneo zima, na kura zinazopigwa kwa kiti kimoja kwa kawaida ni elfu nne au tano. Mwenzake wa Washington anawania eneo la watu wapatao 680,000. Kwa mwendo huo huo wa milango 40 kwa siku, angehitaji karibu miaka 20. Basi anategemea televisheni, na televisheni inataka mamilioni.

Ndiyo maana orodha ya walioshinda ina sura ile. Mji wako wenyewe ulimpeleka John Eder wa chama cha Kijani Augusta mwaka 2002, ukamrudisha 2004. Mwaka 2006 mgombea wa Democratic akamwangusha. Dick Randolph aliingia bunge la Alaska mwaka 1978, mtu wa kwanza wa chama kidogo cha Libertarian kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote. Marshall Burt wa chama hicho hicho alichaguliwa Wyoming 2020. Jirani zenu wa Vermont wana chama cha Progressive ambacho kimekuwa na wabunge wa jimbo kwa miongo zaidi ya mitatu. Kwa Baraza la Wawakilishi la taifa unatafuta kwa tochi. Vito Marcantonio wa chama cha American Labor, aliyewakilisha East Harlem, New York, aliangushwa 1950. Baada yake walioingia bila vyama vikubwa wengi waliingia kama watu binafsi, si kwa nguvu ya chama.

Njia ya Bernie Sanders inafaa kumwonyesha huyo mwenzake wa msichana. Miaka ya 1970 aligombea Seneti na ugavana wa Vermont mara nne kwa chama kidogo cha Liberty Union, na hakuna mara aliyozidi asilimia 6 au hapo. Akakiacha. Mwaka 1981 aliwania umeya wa Burlington kama mgombea binafsi, akashinda kwa kura 10. Kumi, dada, familia mbili za kwetu. Akauongoza mji miaka minane, barabara zikazolewa theluji, watu wakaona kazi. Mwaka 1988 akajaribu Baraza la Wawakilishi la taifa akashindwa, 1990 akashinda kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Mtu huyu hakubadilisha sana maneno yake kati ya 1972 na 1990. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kumwona akifanya kazi.

Utaniuliza, mbunge mmoja wa chama kidogo kati ya 151 atafanya nini? Si kidogo kama inavyoonekana. Augusta ndiko kunakoamuliwa MaineCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, inamlipia nani, shule ya watoto wako inapata kiasi gani, mji unarudishiwa sehemu gani ya General Assistance, ule msaada wa mji kwa wasiojiweza, na mfanyakazi mgeni mwenye cheti cha uuguzi kutoka Bukavu anapataje leseni. Mbunge mmoja anakaa kwenye kamati, anaandika miswada, anauliza maswali. Huku desturi ni kwamba muswada hupewa siku ya kusikilizwa hadharani, hata ukiwa umeletwa na mtu asiye na mwenzake ukumbini. Lakini bila wenzake muswada haupiti, hivyo anayejisifu kwamba hatazungumza na vyama vikubwa anakuahidi miaka miwili ya hotuba. Kwangu hiyo haitoshi.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Sahihi zote mbili ningetia. Dola 5 za msichana ningetoa, kama amekupendeza kwa mazungumzo, maana hazikufungi. Kwa Washington ningempanga mwenzake popote moyo wangu unapotaka na kujaza nafasi zinazofuata bila woga. Kura ya msichana mwenyewe ningeishikilia mpaka Oktoba. Ningetafuta matokeo ya eneo letu ya miaka miwili na minne iliyopita. Yako kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo. Kama chama kimoja kimekuwa kikishinda kwa mbali, na kile kingine hakiweki hata mgombea, kama inavyotokea Portland mara kwa mara, hakuna cha kugawa. Hapo msichana ndiye mpinzani halisi, nawe uko huru kabisa. Kama tofauti imekuwa ya kura mia mbili, keti chini ufikiri, kisha muulize yeye mwenyewe usoni: usipokuwepo wewe, watu wako wangemchagua nani? Mgombea mkweli hatakasirika.

Ukiwa kituoni, usiende haraka. Kura ya kupanga ina safu za majina na nguzo za nafasi, na viduara vya kujaza. Kiduara kimoja tu katika kila nguzo. Ukiwapa watu wawili nafasi moja, kura yako inaishia hapo kwa kiti hicho. Kumjaza mtu mmoja katika nguzo zote hakumwongezei chochote, anahesabiwa mara moja. Ukiruka nguzo moja kwa bahati mbaya, inayofuata inachukuliwa; ukiruka mbili mfululizo, kura inakoma. Ukikosea, usifute wala usikwaruze: irudishe karatasi mezani uombe nyingine.

Limebaki la mama. Hapana, dada, asitie sahihi. Karatasi ile ni ya wapiga kura walioandikishwa, na mwenye kadi ya kijani si mmoja wao. Nalisema kwa uzito kwa sababu nyumbani kwetu tuna tabia ya mmoja kutia sahihi kwa wote, au kumwambia mzee "weka tu hapa". Huku mtu asiye raia akijiandikisha au kupiga kura, hata kwa kutojua, anaweza kuuharibu uraia anaousubiri, na anaweza hata kurudishwa. Zile dola 5 za uchaguzi safi pia si zake kutoa, lazima zitoke kwa mpiga kura wa eneo. Mwenye karatasi akija wewe hupo, mama amwambie tu, "Mwenye kura hayupo."

Lakini hajafungiwa nje. Anaweza kumsaidia msichana kwa kujitolea bila malipo, kutembea naye mtaa wenu na kumfungulia milango kwa Kiswahili. Na siku muswada unaomgusa utakaposikilizwa Augusta, wa nyumba, wa dawa, wowote ule, mama anaweza kusimama mbele ya kamati na kusema. Pale hawaulizi uraia. Wanauliza jina, mji unakoishi, na kama unaunga mkono au unapinga.